Pombe Iliyokuwa na Gari Ndani

Jumatatu, hapa Nyakasimbi. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na sasa jua linachungulia kama mtu aliyekula vya watu. Migomba bado inadondosha maji. Nimekaa barazani na simu hii mkononi, na hasira yangu ni ile ile ya Jumamosi. Haijapoa.

Jovina, mjukuu wangu, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, ili maneno yangu yapate pa kwenda yasimalizikie kichwani kwake. Siku zote huwa anasoma kabla sijatuma, ananinyooshea herufi. Leo hasomi. Tangu Jumamosi haongei na mtu nyumba hii, hata kuku anawafukuza kwa mkono bila kusema shii. Kwa hiyo mkiona neno limepinda, lipiteni hivyo hivyo. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisoma huku nimebeba mdogo wangu mgongoni.

Hasira yangu ni kwa mwanangu Respicius, baba yake Jovina. Na nyie wasomaji mna fungu lenu, subirini.

Marehemu mume wangu alituachia pikapu. Ilibeba kahawa yetu, ilibeba ndizi, ilibeba wagonjwa wa kitongoji kizima, mpaka siku moja ikagoma katikati ya kilima na mikungu ya watu mgongoni. Tatizo gia boksi. Mtu mwenye akili angetafuta wa kuivuta mpaka kwa fundi, mjini Kayanga. Mwanangu akasema mafundi wa Kayanga wanalaza gari la mtu mpaka nyasi zinaota kwenye tairi. Akasema ataitengeneza mwenyewe, hapa hapa, uani kwangu.

Sawa. Mtu kujitengenezea gari lake si kosa. Baba yake pia alikuwa analala chini yake na spana.

Lakini baba yake alikuwa na spana.

Respicius ana simu. Humo kwenye simu kuna mzungu mmoja mwenye tumbo, anasimama mbele ya ukuta uliojaa vyuma, anakuonyesha jinsi ya kujitengenezea zana ambayo dukani huipati. Ukikosa cha kuvutia beringi, chukua hiki na hiki, chomelea, umepata. Ukikosa cha kufungulia chujio la oili, chukua mkanda na kipande cha mti, zungusha, umefungua. Mwanangu anamwangalia huyo mtu kama tunavyomwangalia padre siku ya Pasaka. Na mimi sikatai, mzungu yule anajua kazi yake. Ila nimemwangalia vizuri. Kila anachokata ni chake. Sijamwona hata mara moja akiingia jikoni kwa mama yake.

Wangu aliingia.

Alianza na kitanda changu cha chuma, nilichokuja nacho kama bibi harusi. Nati moja ilikataa kufunguka, spana yake fupi, akahitaji bomba la kurefushia mkono wa spana. Nilirudi kutoka jumuiya nikakuta kitanda changu kimekaa juu ya tofali upande mmoja, kama mzee mwenye fimbo. Nikamwuliza, kimekuwaje. Akasema, "Mama, hilo bomba lilikuwa halifanyi kazi yoyote." Halifanyi kazi? Lilikuwa linanishikilia mimi.

Ukafuata mkanda wa mkoba wangu wa kanisani. Huo ndio alioufungulia chujio la oili. Mkanda wa ngozi, mweusi, zawadi ya binti yangu aliye Mwanza. Nilikuwa napita nao katikati ya kanisa kina mama wakisogea. Sasa mkoba nimeufunga kwa kamba ya mgomba, na harufu ya oili inanitangulia mpaka kwenye komunyo.

Mwavuli wangu ukakosa ubavu mmoja, akaukunja ncha ukawa ndoano ya kuvutia springi ndogo za breki. Muhoro wangu wa kupunguzia majani ya migomba ukaenda kukwangua gasketi, ukarudi hauwezi kukata hata jani la maharage. Kijiko kikubwa cha kupakulia kikawa cha kuchotea grisi. Na kinu, wanangu, kinu changu, alikigeuza mdomo chini akakiweka chini ya pikapu badala ya stendi, na yeye mwenyewe akaingia chini ya gari, miguu tu ndiyo imebaki nje. Niliipiga ile miguu kwa ufagio mpaka ikatoka na mwenyewe. Nikamwambia, kama unataka kufa, usifie kwenye kinu changu, watu watasema nilikutwanga.

Siku ile ile nikauchukua mchi wangu nikaupandisha darini, kule juu kwenye moshi, nyuma ya magunia. Nikasema angalau huu uzeeke na mimi.

Sasa zamu yenu. Jovina aliipiga picha ile pula ya baba yake, ile ya kuvutia beringi, yenye miguu mitatu. Akaiweka hapa kwenye ukurasa wangu bila kuniuliza. Mkaja kama senene kwenye taa. Hongera mbunifu. Kipaji hicho. Akili za Kinyambo. Nyie mko Mwanza na Dar es Salaam, sufuria zenu ziko salama kabatini, mnapongeza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza miguu ile mitatu imetoka wapi. Imetoka kwenye kigoda changu cha chuma cha kutelekea chungu. Tangu siku hiyo napikia mawe.

Haya yote niliyameza. Nilisema ni mali tu, chuma hurudi kuwa chuma. Nilisema hivyo mpaka akafika kwenye obwato.

Kwa watoto mliozaliwa mjini: obwato ni ule mtumbwi wa mti wa kukamulia pombe ya ndizi. Hauendi majini. Unakaa nyuma ya nyumba chini ya paa lake. Ndizi zikiiva zinamenywa zinawekwa humo, wanaume wanazikanyaga pamoja na nyasi mpaka maji yatoke, matamu. Hayo matamu ndiyo omuramba, hata Walutheri wanakunywa. Ukitia mtama wa kukaanga, ukafunika kwa majani ya mgomba, yanachacha yanakuwa rubisi.

Wetu ulichongwa na baba mkwe wangu kutoka kwenye mti mmoja. Mimi nilipoletwa hapa, msichana mwembamba ninayetetemeka, rubisi iliyonipokea ilitoka humo. Ubatizo wa watoto wangu ulitoka humo. Mume wangu alipozikwa, waliochimba kaburi walikunywa cha humo. Nyumba yetu ikiwa na neno kubwa la kusema, linasemwa kwanza na ule mti.

Na Jumamosi tulikuwa na neno kubwa. Watu wa Bugomora walikuwa wanakuja kwa ajili ya Jovina.

Kijana nilishamwona. Anasalimia vizuri, shikamoo yake inainama, haina haraka. Mjukuu wangu anampenda. Akimtaja anajifanya anatafuta kitu chini. Ilibaki wazee wake waje, wapokelewe, watamke lililowaleta. Na kwetu, msije mkasahau huko mliko, neno halitamkwi kwenye koo kavu. Mwenye nyumba anaonja pombe kwanza mbele ya wageni, kuonyesha kwamba kilichomo hakina ubaya, na kama kina ubaya tunakufa wote. Kisha anampa mkubwa wa wageni. Yule akishakunywa, ndipo midomo inafunguka. Asipokunywa, hamjapokeana. Mmekaa tu chumba kimoja.

Ndizi zikaiva vizuri. Shemeji yangu Kagaruki, mdogo wa marehemu, akaja kukanyaga, maana kazi hiyo ni ya wanaume na yeye ndiye fundi wake. Alikanyaga huku anaimba. Kagaruki amenusa tumbaku ya unga miaka yote; pua yake ipo kwa ajili ya sura tu. Mbuzi akimnyea usoni hatajua.

Mimi na mkamwana wangu tulikuwa jikoni kwenye moshi na sufuria za ndizi na nyama. Harufu ya dizeli niliisikia, sitawadanganya. Ilipita na upepo kutoka nyuma ya nyumba. Lakini mwezi huu wote dizeli ndiyo imekuwa harufu ya mwanangu. Akiingia inaingia, akitoka inabaki kukaa kwenye kiti. Nikasema, Respicius huyo anapita.

Kumbe hakuwa anapita.

Wageni wakaja, wamevaa, wamejaa kwenye gari la kukodi. Mkubwa wao Mzee Bitegeko, baba mkubwa wa kijana, mfupi, kofia kichwani, macho yanayohesabu paa. Tulikuwa tumetandika nyasi mbichi sebuleni. Wanaume wakakaa, sisi wanawake tukakaa mlango wa chumba cha ndani, Jovina nyuma yetu na shangazi yake, kimya, mikono mapajani. Salamu zikapigwa. Mvua ikaulizwa, ng'ombe wakaulizwa, kahawa ikaulizwa. Kagaruki akaleta kibuyu, akampa Respicius kwa mikono miwili.

Respicius akanywa.

Na mimi nikamwona jicho la kushoto likifumba.

Nataka mnielewe. Huyu mtoto nimemnywesha dawa chungu ya malaria tangu anatambaa. Majirani walikuwa wanasema mtoto wako hodari, halii. Halii kweli, lakini jicho la kushoto linafumba na shingo inameza mara mbili. Hakuna mtu mwingine chini ya jua anayeijua hiyo alama. Mkewe mwenyewe haijui. Alimeza mara mbili, akapangusa mdomo, akatabasamu, akamnyooshea kibuyu Mzee Bitegeko. Mzee akakipokea. Akashika mrija.

Mimi nikasimama.

Mwanamke wa nyumba hii hakatizi mbele ya pombe ya wanaume. Mama mkwe wangu hakukatiza, na alikuwa mkali kuliko mimi. Nilikanyaga zile nyasi katikati ya miguu yao, nikafika kwa mgeni wetu, nikakitoa kibuyu mikononi mwake kabla mrija haujagusa mdomo.

Nikanusa. Nikajua.

Nikasema, "Wakwe zangu, mnisamehe mimi mzee. Pombe hii ina gari ndani."

Mzee Bitegeko akaniangalia. "Gari gani, mama?"

"La mwanangu huyu."

Kagaruki akaruka. "Shemeji, unanitukana. Mimi nimekanyaga ndizi, sijakanyaga gari."

"Nusa."

"Ninuse nini?"

"Hicho ambacho pua yako haikisikii."

Kibuyu kikazunguka, kila mgeni akanusa, kila mmoja akampa mwenzake bila neno. Kikamfikia Respicius. Yeye hakunusa. Aliangalia zile nyasi sakafuni kama anatafuta nati iliyomdondoka.

Yakatoka yote pale pale. Alipoifungua gia boksi alihitaji chombo kirefu, apange vipande kwa mstari vile vile vilivyotoka, avioshe kwa dizeli visichanganyike. Mzungu wa kwenye simu alitumia beseni refu la plastiki. Sisi beseni refu hatuna. Tuna obwato. Akaosha humo meno ya gia, akaosha beringi, akaosha uchafu wote ambao pikapu ile imekusanya tangu baba yake yuko hai. Kisha akausugua kwa majivu na sabuni ya unga, akauanika, ukanukia sabuni, akasema moyoni mwake umetakata.

Umetakata. Mti ule umekunywa rubisi tangu enzi za babu yake, unajua kunywa. Dizeli ukainywa vile vile ukainyamazia, mpaka maji ya ndizi yalipolala humo yakachacha, ndipo ukaitema. Huyu mwanangu ni mtu wa kwetu, amezaliwa kwenye kibanja, ndani ya migomba. Angeuliza hata mbuzi angeambiwa.

Wageni wakatoka nje kuzungumza. Wakarudi. Mzee Bitegeko alisema kwa upole, na ule upole ndio uliniuma. "Waitu, ndugu zetu, hatujakataa binti. Lakini hatuwezi kwenda kusema nyumbani kwamba tumepokelewa. Hatukunywa." Soda zilikuwepo, tulinunua kwa ajili ya vijana. Hakuna aliyezitaja. Omuramba wa Walutheri ulitoka obwato ule ule. Chakula hawakukigusa, kwa sababu chakula huja baada ya neno, na neno halikusemwa. Zile ndizi na nyama tumekula sisi wenyewe mpaka leo. Hazina ladha.

Nyuma yangu Jovina alitoa pumzi moja ndefu, kama mtu anayetua ndoo. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Na mnafikiri aibu iliishia hapo? Mvua ikashuka. Gari la wageni likateleza pale kwenye kona ya chini, likazama mpaka kwenye mlango. Wazee wa watu, na viatu vyao vya sherehe, wamesimama chini ya migomba yangu wananyeshewa. Respicius akakimbia uani. Nikasema moyoni, huyu anakimbia anatuacha.

Pikapu ikawaka.

Ilikuwa haijawaka tangu igome kule kilimani. Ikawaka kwa mara ya kwanza siku hiyo, saa hiyo, ikatoka uani inanguruma, gia zinaingia moja baada ya nyingine laini kama siagi. Ikafungwa mnyororo, ikalivuta gari la wageni kutoka kwenye tope mpaka barabara kubwa, haikukohoa hata mara moja. Mzee Bitegeko alikaa mbele, pembeni ya mwanangu, kofia mapajani. Ningekuwa na jiwe ningelipiga lile gari. Pombe imeharibika ili hii iwake, nayo inajivuna mbele za watu.

Na niseme ukweli wangu, kwa kuwa hapa ndipo ninaposemea: kwa muda mfupi, ilipopandisha ile kona, nilifurahi. Niliona mgongo wa marehemu kwenye usukani. Kisha nikamkumbuka Jovina nikakasirika upya, mara mbili.

Jana nilikwenda misani na mkoba wangu wa kamba. Kina mama walinisalimia kwa sauti ile ya kwenye msiba. Mmoja, simtaji, anajijua, akaniuliza eti ni kweli siku hizi kwetu tunanywa petroli. Nikamwambia si petroli, ni dizeli, petroli ni ya watu wenye pikipiki kama mumeo. Lakini ndani nilikuwa nachemka.

Nilirudi nikamkuta Respicius amejikunja kitandani na kikombe cha maziwa, tumbo linamsokota. Alikunywa lile funda lote, mjinga. Nikakaa karibu yake, si kwa huruma, kwa kumwuliza.

"Ulijua?"

"Nilinusa asubuhi, Mama. Wageni walikuwa wameshafika Kayanga."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani labda ni pua yangu. Mimi nanusa dizeli mpaka usingizini."

"Na ulipoonja?"

Akasema, "Nilipoonja nilisema kama ninaweza kuimeza mimi, na wao wataimeza. Watadhani ni kali tu."

Sasa hapo nikaona tatizo lenyewe. Siyo obwato, siyo kitanda, siyo mkanda wangu. Huyu mtoto anaweza kufungua gia boksi na kuirudisha, meno yote mahali pake. Anaweza kutengeneza zana kutoka kwenye kitu chochote. Kitu kimoja hawezi: kufungua mdomo. Kabla hajachukua hasemi, akishaharibu hasemi. Angekuja tu akasema, "Mama, nimeharibu obwato," ningemtukana siku nzima, halafu tungeazima kwa jirani, na Jovina leo angekuwa anacheka jikoni.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia na mengine ambayo siwezi kuyaandika, ukurasa huu wanasoma watu wa kwaya. Nikamwambia huo mtumbwi sasa ni wako, osha magari ya wilaya nzima, Kyerwa pia waje. Mimi sina obwato tena. Na nyumba isiyo na obwato haiozi binti.

Jioni akaja mlangoni pangu, amepauka kwa tumbo, akasimama nje ya kizingiti kama mgeni.

"Mama, naomba ule mti."

"Mti upi?"

"Ule mnene, mwisho wa kibanja. Alioubakiza baba."

Aliomba. Nilikaa kwanza. Nilijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nimemsikia huyu akisema naomba, nikakosa. Nikamwambia mti mbichi ukichongwa kwa pupa unapasuka. Akasema anajua, baba mdogo Kagaruki atamwonyesha. Nikamwambia Kagaruki hajui kuchonga, anajua kuimba. Akasimama tu pale. Nikasema haya, chukua, lakini zana utafute mwenyewe, hapa jikoni hupati hata sindano.

Leo asubuhi simu ya Jovina ikalia. Alikuwa nayo mkononi. Siku hizi hata kisimani anakwenda nayo. Akaiangalia, akaniletea bila kuipokea. Alikuwa Mzee Bitegeko mwenyewe. Aliniamkia vizuri, akauliza tumbo la mwanangu. Akasema pikapu ile iliwafikisha salama barabara kubwa, mwanangu anaendesha vizuri lakini njia nzima hakusema neno. Nikamwambia ndivyo alivyo. Akacheka kidogo. Kisha akasema wamekaa kama ukoo, wamezungumza.

Nikasema, "Nakusikiliza, waitu."

Akasema, "Tutarudi. Mkamue nyingine, hatuna haraka, ndizi zina muda wake. Ila tuna sharti moja."

"Liseme."

"Kibuyu asionje kijana wako. Aonje yule bibi aliyesimama."

Mimi, mwanamke, nionje mbele ya wanaume wa koo mbili, ili wao wanywe. Mama mkwe wangu huko aliko amegeuka ubavu. Nikamwambia, "Nimesikia. Nitaonja. Na ikiwa mbaya nitaitema mbele yenu, sitaimeza." Akasema ndiyo maana wameniomba mimi.

Nikamrudishia Jovina simu. Alikuwa amesikia yote, alikuwa ameegemea ukuta. Bado hakusema neno. Lakini alikwenda akachukua ufagio akaanza kufagia zile nyasi za Jumamosi, zilizokuwa zimekauka sebuleni hakuna anayethubutu kuziondoa.

Majirani wawili wameshaniletea habari kwamba obwato wao upo, niutumie. Nimewashukuru. Nimekataa. Nikionja mbele ya watu, nitaonja cha nyumba yangu.

Ndiyo maana nimeamua nishuke mwisho wa kibanja kuona kunaendeleaje, maana sauti ilianza mapema, ko, ko, ko, na Kagaruki anaimba. Mti wameshaulaza. Respicius ameinama juu yake, anachonga, shati limelowa. Ubavu mmoja wa mti tayari umeanza kupata tumbo. Siyo kazi mbaya. Sikumwambia.

Nikaangalia tezo anayochongea. Chuma kipana, kimepinda vizuri, kimenolewa mpaka kinang'aa. Nikamwuliza amekipata wapi. Akaonyesha kwa kidevu kule uani. Amechomoa jani moja la springi ya pikapu. Akalipasha moto akaligonga usiku kucha mpaka likawa tezo. Gari limekaa limeinama upande mmoja, kama kitanda changu. Haliendi popote mpaka obwato uishe.

Basi nikasema moyoni, leo angalau amekata cha kwake. Nikageuka nirudi. Nikageuka tena, kwa sababu kuna kitu jicho langu lilikiona likakikataa.

Mpini.

Mti mweusi wa moshi, laini, umepunguzwa ukachongwa kichwani uingie kwenye chuma. Pale katikati una bonde dogo, mahali ambapo mkono wangu wa kulia umeshika tangu nilipoletwa nyumba hii.

Nilisimama pale. Yeye aliniona, akaacha kuchonga, akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza nilimwona anataka kusema kabla sijamwuliza. "Mama, nilitaka kuja kukwambia."

Nikamwambia, "Chonga."

Nimerudi hapa barazani. Karanga nilizoloweka zimeshakauka, ziko kwenye ungo zinaningoja, na kinu kimesimama wima mdomo juu, kitupu. Kule chini, ko, ko, ko. Jovina amekuja kukaa karibu, anachungulia ninachoandika. Anasema hapo juu nimekosea herufi. Nimemwambia aache.

Sasa kesho nitatwangia nini?